Kile Kisanduku cha Intaneti Si Mlinzi Wako

Wapenzi wa tarakilishi, leo naomba tugombane kidogo. Ingia nyumba nyingi hapa Nairobi utakuta vitu viwili: kisanduku cha kampuni ya intaneti kikimemeta juu ya kabati la televisheni, na tarakilishi kuukuu imefunikwa kitambaa chini ya meza ikingoja mtu wa skrapu. Cha kwanza kimeaminiwa na faili zote za nyumba. Ya pili imeitwa takataka. Mimi nasema tumepindua mambo.

Hebu jiulize, kisanduku kile ni cha nani? Mara nyingi ni mali ya kampuni. Wao ndio wenye nywila kuu, na wao ndio huamua programu yake isasishwe lini, kama itasasishwa. Mwaka 2016 Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta kwa ujanja wa kitoto: ilijaribu tu nywila za kiwandani. Mwaka 2018 VPNFilter iliingia ruta na vifaa vya kuhifadhia faili visivyopungua 500,000, hata FBI ikawaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha upya.

Tatizo kubwa zaidi liko ndani. Kisanduku hiki kwa kawaida huweka kila kitu kwenye mtandao mmoja: televisheni, kamera ya bei ya kutupa, simu ya mgeni, na ile folda uliyoifungua kwa wote ili mke au ndugu yako achukue picha. Mwezi Mei 2017 WannaCry ilipitia mlango nambari 445, uleule wa kugawana faili katika Windows, ikaruka mashine hadi mashine bila mtu kubofya chochote. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi! Na bado kuna watu huufungua mlango huo kwa dunia nzima eti wapate faili wakiwa kazini. Jamani.

Usiniambie huna siri. Una skani ya hati ya shamba, rekodi za chama na picha za marehemu nyanya.

Basi, itoe ile tarakilishi. Iwe ya biti 64 yenye RAM ya gigabaiti 4, na uiongezee kadi ya pili ya mtandao. Luthuli Avenue hutakosa. Weka OPNsense, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya FreeBSD. Waya wa kisanduku uingie kadi ya kwanza, na kadi ya pili iende kwenye swichi yenye mashine na diski za faili. Halafu, na hapa ndipo penye utamu, Wi-Fi ya kisanduku waachie wageni, televisheni na kamera. Wote hao sasa wako nje ya ua. OPNsense yenyewe hukataa kila anayebisha kutoka upande huo. Angalia tu anwani za pande mbili zisigongane: OPNsense huanza na 192.168.1.1, na visanduku vingi hupenda hiyohiyo.

Ukitaka faili ukiwa safarini, tumia WireGuard na uufungue mlango wake mmoja tu kwenye kisanduku. Ila kama kampuni inakuchanganya na wateja wengine kwenye anwani moja ya intaneti, hutafikika mpaka wakupe yako.

Wabishi watasema stima. Hiyo ni hoja ya kweli, siikwepi. Mashine ya wati 60 ikikesha mwezi mzima hula kama uniti 43. Zidisha kwa bei ya tokeni zako uone. Ndiyo maana kipakatalishi cha zamani ni bora: kwa wati 20 hula uniti 14 hivi, na betri yake ikiwa bado hai haijali stima ikipotea. Kwa kuwa kina tundu moja la waya, la pili litakuwa la USB, na FreeBSD haipatani vizuri na adapta nyingi za aina hiyo. Hapo weka OpenWrt badala yake, na uhakikishe adapta inatambuliwa kabla ya kumlipa muuzaji.