Pamba Isafirishwe Ikiwa Nguo

Mkazi wa Maji ya Chai akitaka shati la bei anayoimudu, huenda kwenye mitumba. Hana kosa. Kosa ni la sera zilizoiacha nchi inayolima pamba ivae nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, huku sehemu kubwa ya pamba nyuzi yake ikifungwa marobota na kuuzwa nje ikiwa ghafi.

Arusha inaujua uchungu huo. Kiltex, kiwanda cha nguo cha umma kilichowapa ajira watu wa mji huu, kilizimika katika mageuzi ya uchumi. Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma nazo zilianguka. Sunflag bado inazalisha nguo jijini Arusha, ushahidi kwamba kazi hii inawezekana hapa hapa.

Mashambani nako hakuna utulivu. Msimu wa 2005/06 nchi ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu. Msimu wa 2020/21 zilikuwa takriban tani 122,000. Bei ya mkulima wa Simiyu au Shinyanga hufuata soko la dunia. Ikiporomoka, msimu unaofuata mkulima hupunguza ekari, au huhamia dengu na alizeti.

Kutegemea hisani ya wengine hakujatuokoa. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ilipotishia kufuta nafuu za ushuru za AGOA, mpango wake wa biashara na Afrika, Tanzania ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hizo. Kisha, Septemba 30, 2025, AGOA yenyewe ikafikia ukomo. Soko linalofunguliwa na kufungwa Washington si msingi wa kujengea viwanda.

Soko la kuanzia tunalo. Serikali hununua sare za majeshi na mashuka ya hospitali kila mwaka, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatoa upendeleo kwa bidhaa za ndani. Tunataka kila zabuni ya nguo za umma idai kitambaa kilichosokotwa na kufumwa nchini kwa pamba yetu, viwanda vilipwe kwa wakati, na umeme wa viwandani usikatike hovyo.

Serikali isituletee tena takwimu za marobota yaliyopakiwa melini kana kwamba ni ushindi. Itueleze ni mita ngapi za kitambaa zimefumwa, na ni vijana wangapi wameajiriwa. Kwa kipimo hicho, hadi leo imeshindwa.