Masisi na Walikale: Kumtibu mtoto na kumwacha mbwa ni kazi bure

Wilayani Masisi na Walikale, jimboni Kivu ya Kaskazini, kuna neno ambalo limezoeleka: «Tumekimbia vita, watoto wanalala na njaa, nani atashughulika na minyoo ya mbwa?» Neno hilo linaonekana kuwa na haki. Kumbe linawaumiza watoto walewale linaotaka kuwatetea.

Mbwa ni wa nyumbani. Msituni Walikale anawinda, kwenye milima ya Masisi analinda mbuzi na ng'ombe. Akizaa, watoto wa nyumba hubeba mbwa wachanga kutwa nzima. Tumbo la mbwa mchanga likivimba, wakubwa husema: «Ameshiba.» Mara nyingi hakushiba. Ni minyoo.

Minyoo hiyo haingoji mbwa akue. Inampata tangu tumboni mwa mama yake, na mingine inamfuata katika maziwa. Akifikisha majuma matatu hivi, tayari anaweza kutoa mayai ya minyoo katika mavi yake. Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Yakikaa udongoni majuma mawili au zaidi, yanakuwa ya hatari, na kwenye udongo wenye unyevu na kivuli yanaweza kuishi miaka. Mtoto anayecheza chini na kula bila kunawa anayameza.

Hapo ndipo wengi wanajidanganya. Wanasema: «Mtoto alipewa kidonge cha minyoo siku ya chanjo, basi yamekwisha.» Kidonge kile ni kizuri, kisikataliwe. Lakini kinalenga minyoo inayokaa tumboni mwa watu. Mnyoo wa mbwa haukomai tumboni mwa mtoto. Unatangatanga mwilini, unaingia kwenye ini, mapafu, hata jicho, na jicho linaweza kupofuka. Kwa kuwa hautagi mayai ndani ya mtu, kupima choo cha mtoto hakuuonyeshi. Na hata mtoto akipona leo, kesho anarudi kwenye udongo uleule.

Dawa ni kuanzia kwa mbwa. Mbwa mchanga apewe dawa ya minyoo akiwa na majuma mawili, irudiwe kila baada ya majuma mawili hadi afikishe majuma nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mama yake atibiwe pamoja naye, la sivyo ni kuchota maji kwa kikapu. Dawa kama pyrantel na fenbendazole hutolewa kwa uzito. Basi mbwa apimwe, hata kwa mizani ya maharagi sokoni, na mganga wa mifugo aseme kipimo. Kukata kidonge cha mtu kwa kubahatisha si matibabu. Kumnywesha mafuta ya taa ni kumuua.

Usafi nao hauna kisingizio cha vita. Mavi ya mbwa yaokotwe kila siku kwa jembe au jani, yafukiwe shimoni mbali na kisima na bustani ya mboga. Yasiachwe hadi salongo ya Jumamosi. Klorini haiuwi mayai hayo. Sakafu ngumu mbwa alipolala imwagiwe maji yanayochemka. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kumshika mbwa. Wahami wanaolala chini katika shule na makanisa watenge mahali pa mbwa, mbali na mikeka ya watoto.

Wengine watasema njia fupi ni kuua mbwa wote. Lakini mayai yaliyo udongoni hayafi pamoja na mbwa, na jike mwingine atakuja na wake.

Lawama haiangukii wazazi peke yao. Serikali inayotoza kodi sokoni inapaswa kuhakikisha kwamba waganga wa mifugo wanafika vijijini na dawa. Mashirika yanayogawa sabuni na vidonge kwa wahami yanajua kuhesabu watoto. Yahesabu pia mbwa wanaolala nao. Afya ya mtu na ya mnyama wake ni nyumba moja yenye milango miwili. Kufunga mmoja na kuacha wa pili wazi si kulinda nyumba.