Wageni wa Mombasa wasiolala Mombasa

Kila Ijumaa alasiri treni ya Madaraka hutoka Nairobi ikiwa imebeba wachumba, maharusi wapya na wenzi wa miaka mingi wanaosema wanakwenda kutembea Mombasa. Wengi wao hawatalala kisiwani hata usiku mmoja. Treni yenyewe, tangu ianze kusafirisha abiria mwaka 2017, haivuki kuingia kisiwani kama ilivyokuwa ile ya zamani. Huwashusha watu Miritini, upande wa bara, na uwanja wa ndege wa Moi nao uko huko huko. Kutoka hapo gari hukikata kisiwa bila kusimama, likapita daraja la Nyali kuelekea Bamburi na Shanzu. Wanaokwenda Diani sasa wana barabara ya Dongo Kundu, kwa hivyo hata foleni ya kivuko cha Likoni hawaijui. Jumamosi watarudi kwa saa mbili hivi: ngome ya Fort Jesus, picha pale Mapembeni kwenye Moi Avenue, na safari imekwisha. Naona mpango huu umepinduliwa juu chini. Anayekuja kuutazama mji na kuonja chakula chake alale kisiwani, na ufuo wa bahari ndio uwe wa kutembelewa mchana. Nasema hivyo kwa faida ya mgeni mwenyewe, lakini zaidi kwa sababu mitaa inayoizunguka ile ngome haiwezi kusimama bila fedha za usiku.

Nianze na faida ya mgeni. Mji wa Kale, yaani mitaa hiyo ya kando ya ngome, una saa zake, na mgeni wa kutoka hoteli za kaskazini huzikosa karibu zote. Asubuhi ndiyo saa ya mahamri na mbaazi za nazi, wakati vichochoro vya Kibokoni bado vina kivuli na mtu anaweza kuitembea Ndia Kuu polepole, akitazama milango ya nakshi na roshani za mbao, mpaka Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa mnamo 1570, na kuteremkia Bandari ya Kale. Gari la hoteli hufika saa nne au saa tano, jua likiwa limeshapanda. Adhuhuri ikiingia, maduka hufungwa kwa sala, chakula na usingizi, naye mgeni huondoka akisema mji umepooza. Hajui kwamba baada ya alasiri mabaraza hujaa, kahawa chungu hupita na haluwa yake, viazi karai huchovywa katika ukwaju na mishkaki huanza kufuka moshi. Saa hizo hizo familia za kila dini na kabila humiminika bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, kula mihogo yenye pilipili na ndimu huku meli za mizigo zikiingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma majina yake. Usiku ndipo penye biriani, samaki wa kupaka na mkate wa mofa. Hakuna hoteli ya ufuoni inayoweza kuvihamisha vitu hivi vyote hadi kwenye meza zake, ingawa kadhaa hujaribu kila wiki kwa kile zinachokiita usiku wa Kiswahili.

Ngome nayo inadai muda. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwaka 1696 Waomani waliizingira na haikuanguka mpaka mwishoni mwa 1698. Waingereza waliifanya gereza, na ilibaki hivyo hadi 1958. Historia ya namna hiyo haielezeki kwa nusu saa na kwa haraka ya dereva anayengoja nje. Mwenye kulala karibu huingia asubuhi mapema, akatoka, akaenda kwa miguu hadi Marikiti, soko lililofunguliwa 1914 kwa jina la Mackinnon, akanunua iliki na mdalasini, akapita hekalu la Wajaini la mawe meupe, na hajatumia hata shilingi ya nauli. Kwa wenzi wawili wenye bajeti ya kawaida, hesabu hiyo si ndogo. Teksi za kwenda na kurudi ufuoni zinatosha kulipia milo mizuri ya watu wawili Kibokoni, na zikabaki za chai.

Lakini hoja yangu kubwa ni ya nyumba. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Fort Jesus katika orodha ya Urithi wa Dunia. Iliingiza ngome. Mji ulioizunguka haukuorodheshwa, tofauti na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, ambako ni mji wenyewe uliotambuliwa. Tiketi anayokata mgeni langoni huenda kwa Makavazi ya Kitaifa, na ni haki yao. Kwa mwenye nyumba ya ghorofa mbili hatua mia kutoka hapo, tiketi ile haina maana yoyote. Huyu anabanwa na sheria: Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na hawezi kubomoa roshani au kubadilisha uso wa nyumba yake bila idhini. Sheria hiyo naiunga mkono kabisa. Ila kuta za mawe ya matumbawe zinataka chokaa wala si saruji, dari zinataka boriti za mikoko, na mafundi wanaozijua kazi hizo wamekuwa wachache na ghali. Tumempa mzigo wa kutunza urithi wetu sote, kisha wageni tukawapeleka walale kwingine. Tusishangae anapoiacha nyumba inyeshewe mpaka idondoke yenyewe, halafu kiwanja kikaota jengo la vyumba vya kupangisha. Chumba kimoja kinacholaza wenzi wawili kila wikendi, na mama anayewapikia kiamshakinywa, ndio mfuko wa ukarabati ambao hakuna wizara imewahi kuuanzisha.

Wapo watakaosema kisiwani hakuna ufuo wa kuogelea. Ni kweli, na anayetaka mchanga na mawimbi tu simzuii. Makala haya hayamhusu. Wapo watakaosema Mji wa Kale hauuzi pombe na kwamba baadhi ya nyumba za wageni huuliza maswali wanapofika mwanamume na mwanamke wasiooana. Pia ni kweli. Ni mtaa wa Waislamu wenye misikiti kila kona, na mgeni akiingia nyumbani kwa watu hufuata ada zao. Anayetaka bia ataipata Moi Avenue, si mbali. La usalama ni zito zaidi. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi na msukosuko wa misikiti ya Majengo, Uingereza iliwaonya raia wake wasije kisiwani na watalii wakaondolewa kwa ndege kabla ya likizo zao kwisha. Onyo hilo liliondolewa Juni 2015. Jina baya, hata hivyo, huchelewa kufutika kuliko onyo, na hadi leo utasikia Mkenya wa bara akiuogopa mtaa ambao wazee hukaa barazani hadi usiku mwingi. Wanyakuzi wa simu wapo, kama walivyopo Nairobi anakotoka. Kichochoro kisicho na taa usiku ni kosa la wenye kazi ya kuweka taa, na dawa yake ni taa.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote haya linatoka kwa wenyeji. Wanatazama Zanzibar, ambako nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimegeuka hoteli na maduka ya vinyago, na wanatazama Shela kule Lamu, ambako matajiri wa nje walinunua nyumba na magofu hadi bei ikawapita wana wa pale. Wanauliza: wageni wakijaa, sisi tutakwenda wapi? Swali hili halijibiwi kwa kutaja idadi ya ajira. Jibu langu ni kwamba kinachoufukuza ukoo katika nyumba yake ni kuiuza, na watu huuza wanaposhindwa kuitunza. Umaskini wa Mji wa Kale umeshawahamisha watu wengi kwenda Kisauni na Likoni bila mtalii yeyote kuwasukuma. Nyumba ambayo ghorofa ya juu inalipia paa bado ni ya familia. Ile iliyouzwa kwa kampuni, hata ikibaki na mlango wake wa nakshi, imekwisha kwao. Kwa hivyo masharti yawe makali. Leseni za kulaza wageni ndani ya eneo la hifadhi zitolewe kwanza kwa wenye nyumba wanaoishi humo, ziwe na kikomo cha vyumba, na zisiuzike kwa mtu mwingine. Zanzibar ilichelewa kufikiri hayo. Mombasa, kwa kuwa imesahauliwa, bado ina nafasi.

Serikali ya Kaunti haihitaji mradi wa mabilioni kwa hili. Inahitaji taka zizolewe kabla ya jua kupanda, vyoo vya umma vinavyofunguka, taa zinazowaka kutoka Makadara hadi Bandari ya Kale, na waongozaji wenye vitambulisho na bei iliyoandikwa, ili pale langoni pa ngome mgeni asizongwe na watu watano wanaodai kila mmoja ndiye rasmi. Kero hii ndogo, nadhani, imewafukuza wengi kuliko habari zote za mwaka 2014. Hoteli za ufuoni nazo hazitakufa. Zina Pasaka, zina Desemba, zina mikutano ya serikali.

Kwa wanaotaka kuanza, neno moja la manufaa. Msije kutafuta chakula cha mchana Mji wa Kale ndani ya Ramadhani, maana mikahawa mingi hufungwa hadi magharibi na si adabu kula njiani mbele ya waliofunga. Lakini mkiweza kuuchagua mwezi, uchagueni huo: baada ya futari na tarawehe watu hawalali mapema, na kaimati, vitumbua na mkate wa sinia huuzwa mpaka usiku wa manane.