Bunduki Tele, Shabaha Hakuna

Kampala haina uhaba wa bunduki. Ukishuka kwenye teksi pale Wandegeya, kabla hujafika langoni mwa chuo umekwisha kumpita mlinzi wa benki, mlinzi wa kituo cha mafuta na mlinzi wa duka kubwa, kila mmoja na yake begani, nyingine mkanda wake ni kamba tu. Tumezizoea hata tunapekuliwa mikoba mbele yake huku tukiongea na simu. Kitu ambacho jiji hili halina ni shabaha: karatasi yenye duara jeusi, iliyowekwa mbali, na kijana wa kawaida anayefundishwa kuipiga kwa utulivu. Wenzangu wengi husema sababu ni umaskini. Mimi nakataa. Sababu ni kwamba tumekubali bunduki iwe ya watu wawili tu, askari na tajiri, na sisi wengine kazi yetu ibaki kuiogopa.

Mchezo ninaoutetea ni ule wa kulenga shabaha katika masafa marefu. Makao yake makubwa ni Bisley, Uingereza, ambako mashindano yamefanyika tangu mwaka 1890, na fainali yake hupigwa kutoka yadi 900 na 1,000, yaani hadi mita 914. Mlengaji hulala kifudifudi. Hana darubini juu ya bunduki, ana kitundu cha kuchungulia na mkanda uliozungushwa mkononi. Risasi huchukua kama sekunde moja na nusu kufika, na upepo wa kando wa kilomita 16 kwa saa, ambao hapa kwetu hutikisa tu majani ya migomba, huisukuma zaidi ya mita mbili nje ya njia yake. Kwa hiyo misuli haisaidii kitu, wala hasira. Anayeshinda ni yule anayeusoma upepo. Mwaka 1930, Tuzo ya Mfalme, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote pale Bisley, ilichukuliwa na Marjorie Foster, mwanamke mfugaji wa kuku. Wanajeshi walikuwapo, na walibaki nyuma yake.

Sasa, anayetaka kuanza bila pesa nyingi hushauriwa hivi na wenye mchezo wa Ulaya na Marekani: tafuta bunduki iliyokwisha kutumika, achana na vifaa vya bei kubwa, okota maganda ya risasi zako uyajaze baruti upya nyumbani. Kwao ni ushauri mzuri. Jaribu kuufuata katika chumba cha kupanga Kikoni uone utalala wapi usiku huo. Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inataka kibali, na ni haki itake. Lakini hata pasingekuwa na sheria, ushauri huo una kasoro: unaanza na kununua. Unamwona anayeanza kuwa mteja kabla hajawa mwanafunzi. Kisha bunduki yenyewe si mwisho wa gharama. Kinachokausha mfuko ni risasi, kila siku ya mazoezi, na mtutu nao huchakaa baada ya maelfu kadhaa ya risasi ukahitaji mwingine.

Jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulisema ni kwamba sehemu kubwa ya ujuzi huu haihitaji risasi hata moja. Kulala sawasawa ili mifupa ibebe uzito badala ya misuli, kupumua na kuisubiri ile nafasi fupi ya utulivu kati ya pumzi mbili, kubana kidole bila kuutikisa mtutu: haya yote hufanywa na bunduki tupu, sakafuni, siku baada ya siku, na hata mabingwa huyafanya. Upepo nao unasomwa bure. Moshi wa sigiri ya muuza rolex unakuonyesha uvumako na kasi yake kuliko bendera yoyote. Mwanafunzi akiwa na daftari, akaandika kila jioni kwa mwezi mzima kile alichokiona na saa aliyokiona, atakuwa ameanza mchezo huu. Na kwenye viwanja vya masafa marefu kuna kazi ya handakini, kuteremsha shabaha, kuonyesha tundu lilipo na kuipandisha tena, walengaji hupokezana. Anayefanya kazi hiyo anajifunza upepo kwa risasi za watu wengine.

Kwa hiyo gharama inayobaki ni ya vifaa vya pamoja. Hili Kampala inalijua vizuri. Robert Katende alipowafundisha sataranji watoto wa Katwe hakumwambia kila mtoto aje na ubao wake. Ubao ulikuwa wa kundi, na katika kundi hilo akatokea Phiona Mutesi, ambaye baadaye akatengenezewa filamu. Kwa nini sataranji iruhusiwe kuwa ya kundi, na shabaha isubiri mtoto wa tajiri?

Nitaambiwa kwamba nchi maskini haiwezi. Visiwa vya Falkland vina watu wasiofika elfu nne, wachache kuliko wanafunzi wa chuo kimoja hapa mjini, na vimekwisha kupeleka walengaji wa masafa marefu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kenya nayo imepeleka. Nitaambiwa pia kwamba Birmingham mwaka 2022 waliuondoa ulengaji katika michezo hiyo. Omweso haujawahi kuwamo, na wazee wetu hawajaacha kuucheza.

Hoja ninayoiheshimu ni moja. Kuna watu katika nchi hii, Luweero na kaskazini, ambao wakisikia mlio wa bunduki hawakumbuki michezo. Sina haki ya kuwaambia wasahau, na sidai kiwanja kijengwe karibu na mlango wa mtu yeyote. Ila nawaomba wahadhiri na wanafunzi wa Kiswahili, sisi hasa, tuikumbuke hadithi ya lugha yetu. Kiswahili nacho hapa Uganda kilikuwa cha kambini. Kilizungumzwa na askari wa King's African Rifles, kikatumiwa na askari wa Amin vizuizini, na mwenye nyumba alipokisikia usiku alizima taa. Wangapi kati yetu tumeulizwa nyumbani kwa nini tunasoma lugha ya majambazi? Hatukuacha. Mwaka 2005 katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni, na leo tunaandika insha kwa lugha hiyo hiyo. Lugha ilitoka kambini kwa sababu raia waliichukua, wakaifundisha kwa kanuni zake. Kiwanja cha shabaha ni mahali pa kanuni kuliko barabara yoyote ya Kampala: mtutu hauelekezwi pembeni, chemba huwa wazi mpaka amri itolewe, na hakuna anayegusa silaha wakati kuna mtu mbele.

Sitaki mwanafunzi yeyote anunue bunduki. Nataka chuo kianze na bunduki nne za upepo, zile za Olimpiki zinazopigwa kutoka mita 10, ndani ya ukumbi, bila baruti. Kitone cha pointi kumi katika shabaha yake kina upana wa nusu milimita, kwa hiyo asifikirie mtu kwamba ni mchezo wa watoto. Kibali kiombwe polisi kwa jina la klabu. Linunuliwe kabati la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja akae nao mlezi wa klabu, wa pili polisi wa chuo, na pasiwe na siku litakalofunguliwa na mmoja peke yake. Atakayefanya mazoezi matupu na kuandika daftari la upepo muhula mzima ndiye apewe nafasi ya kwanza, awe wa kike au wa kiume, awe na ada kamili au ya mkopo. Orodha ibandikwe ukutani, kila mtu aione.