MCHONGAJI NAYE NI MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi,

Wako wenzetu wanaosema kwamba wakati wa njaa si wakati wa sanamu. Neno hilo tusilipuuze. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, na tangu hapo umekatwa mara kadhaa. Mama wa Nakivale anayepima unga kwa kikombe hashibi sanamu. Wala kibarua wa chai hashibi, maana kima cha chini kilichomo katika sheria ni kile cha 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi.

Lakini sisi wa chama tuulize: fedha ya sanamu inaingia mfuko wa nani?

Uchumi wa Marekani ulipoanguka 1929, mamilioni walikosa kazi. Kuanzia 1934 Hazina ya nchi ile ilitenga kama asilimia moja ya gharama ya kujenga posta na majengo mengine, ilipe michoro na sanamu. Mwaka 1935 serikali ikaanza pia kuajiri wachongaji kwa mshahara wa wiki, kama ilivyoajiri watengeneza barabara. Kwa fedha za serikali Richmond Barthé, Mmarekani mweusi, alichonga ukuta wa wacheza ngoma kwa ajili ya nyumba za wapangaji wa kipato kidogo. Mwaka 1941 ukawekwa Kingsborough Houses, Brooklyn. Mpangaji maskini akapata mlangoni kwake kitu ambacho tajiri hununua.

Mshahara ule ulilindwa kwa umoja. Wasanii wa New York walikuwa na chama, na serikali ilipotaka kuwapunguza 1936, waliketi ofisini mpaka polisi wakawatoa kwa nguvu.

Kwetu, Gregory Maloba, mwalimu wa Makerere, alitengeneza Sanamu ya Uhuru ya 1962 inayosimama Kampala hadi leo, mtoto ameinuliwa juu. Kazi njema, lakini ni sanamu moja ya sherehe moja. Mchongaji hula kila siku.

Leo madarasa na vituo vya afya vinajengwa Isingiro, na Mbarara ni jiji tangu 2020. Kontrakta huajiri mwashi, seremala na mpaka rangi. Na aajiri mchongaji pia. Nakivale wamo mafundi wa mti na udongo, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi.

Masharti yetu ni matatu. Kwanza, fedha itoke katika bajeti ya ujenzi, isiguse chakula wala dawa. Pili, mchongaji alipwe sawa na mwashi, na fundi wa Nakivale sawa na fundi wa Mbarara, ili tajiri asimtumie mkimbizi kushusha ujira wetu sote. Tatu, isichongwe sura ya mkubwa yeyote. Achongwe mchuma chai, mkamua ng'ombe, mvuvi wa Ziwa Nakivale.

Matawi yote yajadili jambo hili na kulipeleka kwa madiwani kabla bajeti ya wilaya haijapitishwa. Anayesema hiyo ni anasa atueleze: kumwacha fundi akae bure akingoja mgao unaopungua, hiyo ndiyo akiba?

Umoja ni nguvu.