Malkia wa poka aliacha meza, wewe bado unang'ang'ana na ndege

Hapa Njiru ukisema poka, watu wanafikiria ile kadi yetu: unatupa 2, jirani anaokota, mtu anasema "niko kadi" na kelele inaanza. Leo naongelea poka ile ingine, ya pesa, na dem mmoja ambaye story yake inafaa kufika mtaani. Anaitwa Vanessa Selbst.

Selbst ni Mmarekani, alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1984. Alisoma chuo kikuu cha Yale, akarudi hapo hapo kusomea sheria na kumaliza 2012. Huku akisoma, alikuwa anawanyorosha watu mezani. Mashindano makubwa zaidi ya poka, World Series of Poker, hufanyika Las Vegas kila mwaka, na anayeshinda anavishwa bangili. Yeye ana tatu: 2008, 2012 na 2014. Zote alizichukua kwenye mashindano ya kila mtu, meza zimejaa wanaume. 2014 akashika namba moja duniani kwa orodha ya Global Poker Index, mwanamke wa kwanza kufika hapo. Zawadi zake za mashindano zinapita dola milioni 11.

Najua kuna msee tayari anajiambia: kama huyu ameomoka na kamari, hata mimi na Aviator niko njiani. Hapo ndipo tunakosana.

Poka unacheza dhidi ya watu. Unapewa kadi mbili za siri, tano zinawekwa katikati za wote, na kila saa unaamua: naongeza, nafuata, ama naacha. Mwenye meza anakata kidogo, pesa ingine yote ni ya wachezaji. Ukipiga hesabu na kusoma watu kuwaliko, baada ya miaka unatoka juu. Na kazi kubwa ya bingwa ni kuacha. Kadi mbaya anatupa, anakaa kimya, anangoja.

Kwa ndege, utamsoma nani? Mchezo wenyewe umetengenezwa kurudisha asilimia 97. Inakaa poa, si ndio? Lakini raundi moja ni sekunde chache tu. Weka soo moja mara 200, umezungusha 20,000, na kwa wastani 600 imebaki kwao. Hiyo ni jioni moja. Unaweza kushinda leo, sikatai, na hata kesho. Lakini hakuna ujanja wa kuondoa hizo tatu kwa mia, na kadiri unavyozidi kucheza ndivyo zinazidi kukula.

Tena hata kwa poka, akili peke yake haitoshi. Julai 2017 Selbst aliingia shindano kuu la Las Vegas, kiingilio dola 10,000. Siku ya kwanza tu akapata ace mbili, kadi bora kabisa za kuanza nazo. Mezani ikaja ace ya tatu na 7 mbili. Mtu yeyote angejiona ameshinda. Kumbe mpinzani wake, Mfaransa Gaëlle Baumann, alikuwa ameshika 7 zingine mbili. Nne jumla. Selbst akaenda nyumbani.

Ndio maana wachezaji wa kazi hutenga pesa ya mchezo mbali na pesa ya kula, na huandika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Hata hizo milioni 11 zimehesabiwa kabla ya kutoa viingilio. Hiyo sehemu hakuna anayeipost.

Halafu mwisho wa 2017, huyu dem akatangaza anaacha poka kama kazi. Akaenda Bridgewater, kampuni kubwa ya uwekezaji. Wakati huo hakukuwa na mwanamke aliyewahi kushinda pesa nyingi kumliko kwenye mashindano. Lakini poka ilikuwa imekuwa ngumu, wapinzani wanaisoma kama mtihani, na yeye akachukua kazi ya mshahara. Hakutoka mikono mitupu: hesabu, subira na roho ngumu ya kuamua pesa ikiwa mezani, hivyo vyote alienda navyo. Mtu wa Aviator akiacha, anabeba nini?

Sisemi haya nikijifanya pasta. Kazi ni shida, na msee ameponda mawe kwa kwari tangu asubuhi ana haki ya kuota. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Matangazo yalinyamaza, simu zikabaki mfukoni. Kutoka stage ya Njiru mpaka Chokaa kuna watu wanacheza na pesa ya rent, ikiisha wanaongeza na Fuliza. Hapo sasa unacheza na deni, dhidi ya mashine isiyochoka.

Kwa hivyo fanya kitu kimoja ambacho kila mchezaji wa kazi hufanya. Itisha statement yako ya M-Pesa ya miezi sita. Jumlisha zote ulizotuma kwa kampuni za kubeti, jumlisha zote zilizorudi, kisha toa. Usimwonyeshe mtu. Kama iko juu, heshima kwako. Kama iko chini, Selbst alishakuonyesha: hata bingwa huinuka mezani.