Msiniagize tena dawa ya kulainishia nguo



Nimekuwa kimya siku nyingi, maboksi yalinibana. Leo ni siku yangu ya mapumziko, nguo zangu zinazunguka kwenye mashine huku chini ya jengo letu, nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikizisubiri. Nimeona nitumie muda huu kuandika jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nirudi kutoka likizo. Ni habari ya ile dawa ya kulainishia nguo. Msicheke! Someni mpaka mwisho.

Hapa Falls Church ni mji mdogo tu wa Virginia, pembeni ya Washington DC. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14,658. Majengo mengi ya kupanga, letu likiwemo, yako nje kidogo ya mpaka wa mji lakini yanatumia anwani ya Falls Church. Kwenye chumba hiki cha kufulia nakutana na Wavietnamu, Wahabeshi, watu wa El Salvador, na wengi wao hushuka na chupa mbili: moja ya sabuni, moja ya kulainishia. Nilipofika nikaiga. Sikuwahi kuuliza ile ya pili inafanya kazi gani. Inanukia, basi!

Sasa mnakumbuka nilipokuja likizo kila mtu aliniagiza hiyo dawa. "Tuletee ile inayonukia Marekani." Nikabeba chupa tatu za lita tatu tatu. Hizo ni kilo tisa za maji na manukato nilizozivusha bahari, kwenye mabegi mawili ya kilo 23 kila moja! Chupa moja nikampa mdogo wangu wa Tanga aliyekuwa amejifungua, pamoja na nepi za taulo nilizomnunulia huku. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Tia hii kila unapofua, mtoto atalala kwenye pamba."

Wiki tatu baada ya kurudi akanipigia simu analia. Nepi hazinyonyi. Mkojo unateleza juu yake unaishia kwenye shuka, mtoto anaamka amelowa chapachapa, ngozi imechubuka. Yeye alidhani nimemnunulia za bei chee. Mama mkwe wake alidhani jingine: kwamba mwali wao hajui kufua, hasuuzi, mvivu. Mtoto wa watu kasemwa mbele ya mawifi zake kwa zawadi yangu mimi.

Ndipo nikaenda kusoma nyuma ya chupa, kitu ambacho sikuwahi kukifanya miaka yote hii. Nikasoma na kwingineko, na niliyoyaelewa ni haya.

Dawa hii haisafishi chochote. Ndani yake kuna viini vilivyotengenezwa kwa mafuta, ya mawese au ya ng'ombe, na vina chaji chanya. Nguo ikiwa majini ina chaji hasi, kwa hiyo vile viini vinaing'ang'ania. Upande wao wa mafuta unabaki nje, na huo ndio ulaini mnaousikia mkipapasa. Kwa lugha ya nyumbani, nguo imepakwa mafuta! Na kitu kilichopakwa mafuta hakinyonyi maji vizuri. Taulo linageuka la kupangusia vumbi, nepi inageuka mwavuli.

Jingine: sabuni ya unga kwa kawaida ina chaji hasi. Ukivitia pamoja kwenye beseni moja, vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, sabuni haifui na dawa hailainishi. Ndiyo maana mashine za huku huimwaga kwenye maji ya mwisho. Mdogo wangu alikuwa anavichanganya, nami sikumwambia kwa sababu sikujua.

La tatu ndilo lililonitisha. Huku sheria, tangu miaka ya 1970, inataka nguo za kulalia za watoto zisishike moto upesi, ukiacha za vichanga na zile za kubana mwili. Chupa zenyewe zinaonya usiitie dawa hii kwenye nguo hizo, kwa sababu inapunguza ile kinga. Na mimi niliwaletea wajomba zangu wadogo nguo za kulalia za aina hiyo, na chupa juu yake, kwenye nyumba zenye majiko ya mkaa na vibatari. Nimeshapiga simu kila nyumba. Kama kuna niliyemsahau, naomba asome sentensi hii mara mbili.

Mtaniuliza, mbona Wamarekani wanaitumia? Wana sababu zao. Huku nguo haziendi juani. Mkataba wetu wa nyumba unakataza kuanika barazani, kwa hiyo zinakaushwa kwenye mashine ya moto. Wakati wa baridi hewa ni kavu mno, nguo za nailoni zinagandana, ukivua sweta vinatoka vicheche na nywele zinasimama kama umeona jini. Dawa hii inatuliza huo umeme. Ni dawa ya ugonjwa ambao nyinyi hamna! Hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha, na upepo wa bahari unazipigapiga nguo kwenye kamba bure.

Halafu tumesahau tulikotoka. Marehemu bibi alikuwa anapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, anachovya kanzu ya babu na vitambaa vya makochi, vikikauka vinasimama vyenyewe. Nguo iliyotiwa wanga na kupigwa pasi ya mkaa ndiyo ilikuwa nguo ya mtu mwenye heshima. Leo tunaona aibu nguo ikiwa ngumu kidogo! Na kama ni kunukia, pwani nzima nani asiyejua kufukiza nguo kwa udi juu ya chetezo, au kutia asumini kabatini?

Najua lakini kwamba hamkuwa mnaagiza ulaini. Bi Mkubwa alipofungua begi langu alivuta pumzi akasema, "Hii ndiyo harufu ya mwanangu." Mama, shikamoo, naomba nikusahihishe kwa adabu. Hiyo ni harufu ya duka. Kila jirani yangu hapa chini ananukia hivyo hivyo. Ile khanga uliyonipa siku ya kuondoka bado ina udi wako, na haijaingia kwenye hizi mashine. Harufu ya nyumba yetu ni hiyo.

Kwa mliobaki na chupa, msiimwage, ni pesa. Itieni kwenye mablanketi na masweta tu, kidogo, kwenye maji ya mwisho baada ya kusuuza sabuni yote. Taulo, nepi na nguo za kulalia za watoto, hapana. Taulo lililokwisha haribika lifueni mara mbili tatu kwa maji ya moto na sabuni peke yake, kisha juani. Na chupa ikae mbali na watoto, maana inanukia kama sharubati.

Mdogo wangu, nisamehe. Mama mkwe wako nimemwandikia ujumbe nikamweleza kwamba kosa ni langu, si lako. Safari ijayo zile kilo tisa zitakuwa viatu vya shule, kwa hiyo nitumieni saizi za watoto mapema.

Mashine imelia, naenda kutoa nguo. Leo sikutia kitu ila sabuni. Mnaotaka kunisuta, karibuni kwenye maoni!